Nani Anaanza Kupiga: Kutoka Kwa Mrombo Hadi Nyuma ya Meru

Kwa Mrombo hapalali mapema. Jua likishazama upande wa Monduli, moshi wa nyama choma unatanda kuanzia barabarani mpaka vichochoroni, na watu wanaorudi kutoka mjini wanashuka kwenye vifodi wakiwa wameshaagiza: mbuzi nusu, ndizi mbili za kuchoma, kachumbari na pilipili pembeni. Wamepiga simu tangu soko la Kilombero, kwa hiyo wakifika nyama iko tayari kukatwa. Anayekuja bila kupiga anasubiri, na kusubiri Kwa Mrombo wikiendi ni kazi.

Mchoma nyama niliyekaa karibu na jiko lake alikuwa na simu mbili juu ya meza ya kukatia, zimekingwa na mfuko wa nailoni zisirukiwe na mafuta. Moja ni simu janja yenye kioo kilichopasuka, nyingine ni kitochi kilichofungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Kila simu ina laini mbili. Nilipomuuliza laini nne za nini, alinihesabia kwa kisu: hii wateja wanayo, hii ya kupokelea hela, hii ya bando, na hii ya nne, ya Halotel, ni ya nyumbani. Nyumbani kwao ni Ngarenanyuki, nyuma ya Mlima Meru. Mama yake yuko huko.

Nilimwambia ndiko ninakokwenda. Akafuta mikono kwenye aproni, akaingia ndani, akarudi na kibahasha. Ndani kulikuwa na betri mpya ya kitochi. "Ya mama imevimba," akasema. "Kaka yangu, ukifika ulizia sokoni, watakuonyesha. Mwambie akishaiweka apige yeye. Asibipu."

Neno hilo la mwisho nililibeba pamoja na betri.

Nilikuwa nimekuja Kwa Mrombo kwa sababu ni moja ya sehemu za Arusha zinazoonyesha vizuri jinsi mji unavyouacha nyuma mtandao wa simu. Jiji lilihesabiwa kuwa na zaidi ya watu 617,000 kwenye sensa ya 2022, na upande huu wa kusini, kuanzia Muriet hadi Olmoti, nyumba zinaota kila msimu. Olmoti ndiko kulikochaguliwa kujengwa uwanja wa mpira kwa ajili ya AFCON ya 2027, na viwanja vya makazi vilivyokuwa mashamba ya mahindi vimepanda bei. Mawimbi yapo, hakuna anayelalamika kwamba simu haishiki. Shida ni jioni. Mnara mmoja uliopangiwa mtaa wa nyumba chache sasa unahudumia mtaa wa ghorofa, baa, vibanda vya wakala na wanafunzi wanaopakua video, wote kwa saa hizohizo. Mnara unagawa uwezo wake kwa waliopo. Wakiwa wengi, kila mmoja anapata kidogo, na meseji ya muamala inachelewa huku mteja na muuzaji wakitazamana. Fundi yeyote wa minara atakwambia kwamba eneo linaweza kuwa limefikiwa kwenye ramani na bado halijahudumiwa.

Laini nne za mchoma nyama si anasa wala si jambo la ajabu. Takwimu za TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, zinaonyesha kwamba mwishoni mwa 2023 laini zilizokuwa zikitumika nchini zilizidi milioni 70, wakati sensa ya mwaka uliotangulia iliwahesabu Watanzania milioni 61.7, watoto wachanga wakiwemo. Chanzo chake ni bei. Kwa miaka mingi kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali, kwa sababu kampuni ya anayepiga ilikuwa inailipa kampuni ya anayepigiwa gharama za mwingiliano kwa kila dakika. Kabla ya 2013 gharama hizo zilizidi shilingi 100 kwa dakika. TCRA ilizishusha kwa awamu: mwaka 2018 zilikuwa shilingi 15.60, na kufikia 2022 zilikuwa shilingi 2. Lakini watu walishajifunza. Ndugu wa Tigo alipigiwa kwa Tigo, wa Airtel kwa Airtel, na simu ya laini mbili ikawa kitu cha lazima kama kitambulisho. Hata huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba, iliyoanza Machi 2017, ilikuta watu hawana haja kubwa ya kuhama. Walikuwa wanaishi kote.

Halotel iliingia katikati ya hali hiyo. Kampuni mama ni Viettel, shirika la simu lililo chini ya Wizara ya Ulinzi ya Vietnam, na huduma ilizinduliwa nchini Oktoba 2015. Soko lilikuwa limeshajaa. Mobitel, ambayo baadaye ilikuja kuwa Tigo na tangu Novemba 2024 inaitwa Yas, ilianza 1994, Vodacom 2000, Celtel, mzazi wa Airtel ya leo, 2001. Mgeni akija sokoni kwa kuchelewa hivyo hana cha kutafuta Kariakoo peke yake. Viettel ilikuwa imeshajaribu njia nyingine Msumbiji, ambako kampuni yao ya Movitel ilianza 2012 kwa kwenda vijijini tangu siku ya kwanza, na mwaka uleule wa Halotel walianza Burundi kwa jina la Lumitel. Njia yenyewe ni ya kijeshi hasa: kwanza unachimba mtaro na kulaza faiba, kisha unasimamisha mnara juu yake, kisha unapeleka vijana wa kuuza laini nyumba kwa nyumba. Tanzania walianza na takribani kilomita 18,000 za faiba. Wakaja na bei za chini na bando za dakika nyingi, kwa watu ambao kwao, kwa miaka mingi, simu ilikuwa kitu cha kupokelea tu.

Asubuhi nilipanda kifodi kwenda mjini, nikaunganisha gari la Usa River. Tengeru ilikuwa siku ya soko, barabara imebanwa na mikungu ya ndizi na akina mama wanaovuka bila haraka. Pale Usa River unaiacha barabara kuu ya Moshi na kupanda Noah inayokwenda kaskazini, kupita geti la Ngongongare na kuikata Hifadhi ya Arusha. Tulikaa wanne kwenye kiti cha watatu. Mbele yangu bibi mmoja wa Kimaasai alikuwa amepakata kuku kwenye kikapu. Dereva akamwita yeyo, yaani mama, kila alipomwuliza kama hewa inatosha.

Ndani ya hifadhi barabara inapita kwenye uwanda wa majani wanaouita Serengeti Ndogo, nyati wamelala, twiga wamesimama kama hawajui kuna gari. Abiria hawakuwatazama. Walikuwa wanatazama simu, kwa sababu kuanzia pale alama ya mtandao inaanza kucheza: vijiti vitatu, kimoja, hakuna, viwili. Kijana aliyekuwa anaongea na dalali wa Kilombero alikatika mara kwa mara mpaka akaacha, akasema atapiga wakishafika juu.

Ukitaka kuelewa kwa nini, tazama mlima. Meru ina urefu wa zaidi ya mita 4,500, na mawimbi ya simu hayapindi kona kubwa kiasi hicho. Mji wote uko kusini. Kinachorushwa kutoka minara ya Arusha kinagonga mlima na kuishia hapo. Ngarenanyuki, iliyo kaskazini mashariki, iko kwenye kivuli. Tena upande huu ardhi yenyewe ni korofi. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka wote, ndiyo maana ukiutazama kutoka Momella unaona kreta imefunguka kama imepasuliwa. Ule udongo na mawe ulimwagika mbali kuelekea Kilimanjaro, ukaacha vilima vidogo visivyohesabika, na kati ya vilima hivyo ndimo yalimo maziwa ya Momella yenye heroe. Kwa mtalii ni mandhari ya kupiga picha. Kwa fundi wa mawimbi kila kilima ni ukuta. Nyumba mbili zinazoonana kwa macho, moja inashika mtandao na nyingine haishiki.

Kuna njia za kushindana na ardhi ya namna hii. Masafa ya chini, kama 900 MHz, hufika mbali na huvumilia majani na kuta. Ya juu, kama 2100, hubeba data nyingi lakini huishiwa nguvu mapema. Ndiyo maana kijijini simu ya kupiga inashika mahali ambapo intaneti inazunguka bila kufunguka. Na mnara wenyewe lazima uunganishwe na dunia. Ukiutazama mnara wowote utaona antena ndefu zilizosimama wima, kwa kawaida zikitazama pande tatu, na chini yake dishi la mviringo. Antena ndizo zinazoongea na simu zetu. Dishi linaongea na mnara mwingine, na hilo linataka kuonana ana kwa ana, bila kilima katikati. Nyuma ya mlima unalazimika kurukisha mawasiliano kutoka mnara hadi mnara kuuzunguka, na mmoja ukizimika, yote iliyo mbele yake inazimika nayo. Faiba ikifika, tatizo hilo linakwisha. Ndiyo sababu naamini kwamba kilomita zile 18,000 zilikuwa na maana kubwa kuliko matangazo yote ya bei, ingawa hakuna aliyeimba kuhusu mtaro wa faiba redioni.

Tulipotoka geti la Momella vumbi lilianza. Ngarenanyuki ni nchi ya mifereji. Maji yanashuka kutoka mlimani, yanagawanywa kwa zamu, na pande zote mbili za barabara ni nyanya, vitunguu, maharage na viazi. Matenga matupu ya nyanya yamepangwa kama kuta. Kila baada ya hatua chache kuna lori dogo limesimama na watu wanajaza.

Mama wa mchoma nyama sikumpata kwa kuulizia jina. Niliulizia mtoto wake anayechoma nyama Kwa Mrombo, na mtoto wa shule akanishika mkono akanipeleka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetoka huko leo? Huyo kijana anakula?"

Nilimpa bahasha. Akaifungua polepole, akaenda dirishani. Pale kwenye fremu ya mbao kulikuwa na msumari, na kwenye msumari kulikuwa na kimfuko cha kitambaa alichokishona mwenyewe, kitochi kimekaa ndani. Ndipo mahali pekee ndani ya nyumba ambapo mtandao unashika bila kukatika. Simu ikilia, anayekuwa karibu anapokea hapohapo, shingo imegeuzwa kuelekea nje, na wote waliomo chumbani wanasikiliza mazungumzo. Betri ya zamani ilikuwa imevimba mpaka mfuniko haufungi. Akaweka mpya, akawasha, akasubiri. Vijiti vikaja viwili.

Akampigia mwanawe. Hakubipu. Waliongea muda mrefu, kwa Kimeru, na kwa jinsi alivyokuwa anacheka nilijua haongelei betri.

Nilimwuliza baadaye, wakati tunakunywa chai, ilikuwaje zamani. Akaniambia kwamba simu yake ya kwanza aliletewa na marehemu mume wake, na kwa miaka alikuwa anajua kubonyeza na kukata. Bipu moja maana yake nipigie. Bipu mbili maana yake mgonjwa. Vocha ilikuwa inawekwa kwa dharura, kama dawa. Kisha unakwenda kilimani, kwenye mti ambao kila mtu aliujua, unasimama hapo kusubiri watoto wa mjini wapige. Wasipopiga unarudi jioni. "Nilikuwa nangoja waamue wao," alisema. "Sasa nikimkumbuka mtu nampigia. Hata usiku."

Hili ndilo jambo ambalo ningependa wanaohesabu minara walisikie. Ramani za mtandao zinajibu swali moja: mawimbi yanafika au hayafiki? Kwa kipimo hicho nchi imefanya kazi kubwa, maana zaidi ya asilimia 95 ya Watanzania wanaishi mahali ambapo simu ya kawaida inaweza kushika. Lakini kuna swali la pili ambalo halimo kwenye ramani, nalo ni nani ana uwezo wa kuanza kupiga. Kwa miaka mingi mtandao uliwafikia watu wa kijijini kama masikio. Walipigiwa wakaambiwa bei ya nyanya, wakaambiwa nani amefariki, wakaambiwa mtoto atakuja Krismasi. Kampuni ya bei nafuu ilipokuja na dakika nyingi kwa jero, iliwapa mdomo. Wengine wakashusha bei zao ili wasiachwe. Hata asiyewahi kununua laini ya Halotel amefaidika nayo.

Ngarenanyuki wanalijua swali hili la nani anaanza kusema kuliko wengi. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka ardhi hii hii, ili iwe mashamba ya ng'ombe ya walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa. Wameru hawakuwa na njia ya kumfikia mtu yeyote mwenye uamuzi. Barua zao ziliishia ofisini. Basi wakachangishana, shilingi kwa shilingi, wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaeleza kilichotokea. Wakili Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, alikuwa pamoja naye katika kesi hiyo. Miaka ya baadaye waliandika pamoja kitabu juu yake. Azimio la kuwarudishia ardhi halikupata kura za kutosha, lakini Kirilo aliporudi alizunguka nchi akisimulia, na watu wa mikoa mingine wakajua kwamba inawezekana kusema na kusikika. Siasa za uhuru zilizofuata zilijengwa juu ya somo hilo.

Mzee mmoja sokoni, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa waliofukuzwa, alinionyesha ng'ambo ya mto mahali lilipokuwa boma lao. Alikuwa na simu kwenye mfuko wa koti, na wakati ananisimulia habari za 1951 ililia mara mbili. Mara ya pili ilikuwa dalali kutoka Nairobi. Alijibu kwa ufupi, akataja bei, akakata. "Anataka kunipunja," akanieleza, "lakini nimeshaongea na Tengeru na nimeshaongea na Dar. Najua leo nyanya imesimamaje."

Hapo ndipo simu ya bei nafuu inapoingia mfukoni moja kwa moja. Nyanya haisubiri. Ikishaiva una siku chache, na dalali anajua. Zamani lori likishafika shambani, mkulima alikuwa hana habari ya mji mwingine wowote isipokuwa ile aliyoletewa na dalali mwenyewe. Mkulima mwenye dakika mia za kupiga mitandao yote anaweza kuuliza masoko matatu kabla hajafungua mdomo. Sisemi kwamba dalali amekwisha. Gari ni lake, mtaji ni wake, na mvua ikinyesha barabara ya Momella inamsaidia yeye. Lakini mazungumzo yamebadilika. Nilisimama karibu na tenga moja lililokuwa linabishaniwa na nikamsikia mama mwenye shamba akimwambia mnunuzi, kwa upole kabisa, kwamba angoje kidogo, anampigia mtu. Mnunuzi akaongeza bei kabla simu haijapokelewa.

Pembeni mwa soko kijana wa laini alikuwa amefungua mwavuli na meza. Kuanzia 20 Januari 2020, laini ambazo hazikuwa zimesajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na tangu wakati huo hakuna kununua laini bila namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, na kidole. Jambo zuri kwa usalama wa miamala. Lakini nenda ukaone linavyofanyika kwa mkulima. Bibi mwenye umri wa miaka sabini hivi aliweka kidole gumba kwenye kile kioo kidogo chenye mwanga mwekundu. Ikakataa. Kijana akakifuta kioo kwa fulana yake, akafuta na kidole cha bibi. Ikakataa. Wakajaribu cha shahada, wakajaribu mkono wa kushoto. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa laini na inang'aa, mistari yote imelika kwa jembe, mawe na maji ya mifereji. Kijana hakumkaripia. Alimletea maji ya kunawa, akampaka mafuta kidogo, akamwambia, "Bibi, bonyeza taratibu, usikandamize." Kidole cha kati cha kushoto kikakubali. Watu waliokuwa kwenye foleni wakapiga makofi.

Nilimwuliza kijana anafanyaje vidole vyote vikigoma. Akasema anawaambia waende mjini, ofisini. Kwenda mjini ni nauli ya kwenda na kurudi, na siku nzima ya kumwagilia imepotea. Mnara unaweza kusimama mita mia mbili kutoka nyumbani kwako na bado usiwe wako kwa sababu ya ngozi ya kidole gumba.

Nilipanda mpaka ulipo mnara mmoja, juu ya kilima nyuma ya mashamba. Uzio wa seng'enge, kibao cha kukataza kuingia, jenereta, na safu ya paneli za jua zilizojaa vumbi. Mlinzi alinikaribisha kivulini. Mnara wa mjini unakula umeme wa gridi na dizeli ni akiba. Mnara wa huku unaweza kutegemea jua, betri na jenereta, na mafuta yanapoisha wakati wa masika, mawingu yakiwa yametanda wiki nzima, kijiji kinarudi kwenye ukimya wa zamani. Ukifanya hesabu ya kusafirisha dizeli, kulipa mlinzi, kubadili betri, kisha ukaweka upande wa pili mapato ya watu wanaonunua vocha ya mia tano, unaelewa kwa nini kampuni zilikaa mijini.

Ndiyo maana serikali iliingiza mkono. Sheria ya 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, unaochangiwa na kampuni zenyewe na kutoa ruzuku ili minara ijengwe mahali ambapo biashara peke yake isingefika. Mei 2023 ulisainiwa mkataba mkubwa wa minara 758 kwenye kata 713. Mgawanyo wake unasomeka hivi: Tigo 262, Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104, Halotel 34. Wa bei nafuu amepata mafungu machache kuliko wote. Mtu anaweza kusema amepoa. Mimi nasoma vingine: miaka ya nyuma yeye ndiye aliyekwenda vijijini kwa kishindo, na sasa wakubwa wanamfuata kwa ruzuku. Vyovyote iwavyo, mwanakijiji anashinda pale tu ambapo mnara wa pili unafika. Mnara mmoja ni kama duka moja la kijiji: chumvi ipo, lakini bei ni ya mwenye duka.

Niliona pia jambo ambalo mlinzi wa mnara alilieleza kwa uchungu kuliko habari ya dizeli. Maji ya huku yana floridi nyingi, ya asili, kutoka kwenye miamba ya volkano, na watoto wanakua na meno ya kahawia na wengine na mifupa isiyonyooka. "Mtandao umefika," alisema, "maji safi bado tunayasikia kwenye simu." Sitaki kumjibu kwa kusema kwamba haya ni mambo mawili tofauti. Kwa mtu anayeishi hapo ni serikali ileile na barabara ileile.

Jioni, kabla Noah ya mwisho haijaondoka, nilirudi sokoni kumuaga yule mzee. Nilikuwa nimeshamweleza kwamba mimi ni mwandishi, na alikuwa amefikiria la kuniambia. Alinitaka niandike kwamba minara iliyojengwa kwa ruzuku iwe ya kushirikiana, kampuni zote zirushe kutoka nguzo ileile, kwa sababu pesa ni ya umma. Ni hoja ambayo nimeisikia kwenye kumbi za mikutano Dar es Salaam ikisemwa kwa maneno marefu, na sijui kwa nini mkataba wowote wa ruzuku usainiwe bila sharti hilo kuwa la kwanza. Alitaka pia vijana wa laini waje na kifaa kinachosoma kidole cha mkulima, au kijiji kiruhusiwe kumthibitisha mtu wake kwa barua ya mtendaji.

"Na dizeli," akaongeza, akinisindikiza hadi mlangoni mwa gari. "Andika dizeli iletwe kabla ya Machi. Masika yakianza lori halipandi, na hiyo ndiyo miezi tunayopanda nyanya na kutafuta wanunuzi."

Dereva akapiga honi. Mzee akaitaja namba yake mara mbili, polepole, ili niiandike sawasawa, akaniambia gazeti likitoka nisihangaike kupiga, atapiga yeye.